Mapigo Arobaini na Nne

Wateja walimwita Fundi Subiri, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Ukimpelekea kanda ya harusi yako akuhamishie kwenye flashi, neno la kwanza lilikuwa subiri. Ukiuliza mpaka lini, subiri. Ukimwambia shangazi anasafiri kesho na lazima aondoke nayo, alikuvutia kiti ili usubiri vizuri. Na mtu huyohuyo, aliyeweza kunywa kikombe kimoja cha chai kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne, alikuwa na ulevi mmoja tu duniani: alitaka kompyuta yake ikimbie kuliko alivyokusudia aliyeitengeneza.

Mkewe hakushangaa. Yeye ni muuguzi, siku hizi mstaafu, na mtaa mzima unamwita Sista, wakiwemo watu wenye umri wa kumzaa. Alikwisha kuwaona wanaume wa kila namna wakiwa ndani ya shuka la hospitali, akajua kila mmoja ana kichaa chake alichokificha mahali. Cha mume wake hakikufichwa. Kilikaa juu ya meza ya mbao katika chumba cha mbele, kimefunguliwa ubavu mmoja ili hewa ipite, na kilivuma kutwa nzima.

Kompyuta hiyo aliiunga mwenyewe, kipande hiki leo, kingine mwezi ujao. Kazi yao ilikuwa kuokoa kanda za video za zamani, zile kubwa nyeusi ambazo watu huziweka juu ya kabati mpaka picha zinaanza kufifia na bibi harusi anakuwa wa kijani. Kuichezesha kanda na kuinakili hakukuwa na shida. Shida ilikuja baadaye, pale kompyuta ilipotakiwa kuisafisha ile picha na kuifunga upya. Kanda moja ya saa tatu ilikula nusu siku, na walikuwa na makabati mawili yaliyojaa harusi za watu.

“Sikiliza,” alimwambia mkewe siku ya kwanza. “Ndani humu kuna prosesa, kibamba kidogo kama biskuti, ndicho kinachofanya hesabu zote. Kina mapigo, kama moyo. Kiwandani wamekipangia mapigo thelathini na nne.”

“Kwa dakika?”

“Kwa dakika ungekuwa umeshamfunika shuka. Ni mengi yasiyohesabika, lakini kwenye ukurasa wa mipangilio unaiona namba hiyo tu. Sasa wenye viwanda ni waoga. Wanapima uwezo wa aliye dhaifu kuliko wote, halafu wote wanapewa kipimo hichohicho. Huyu wetu anaweza zaidi.”

“Na akizidiwa?” Sista aliuliza, maana hilo ndilo swali la kazi yake.

“Atatuambia. Atapata joto, au ataganda.”

Kosa lake lilikuwa kulitaja neno joto mbele ya muuguzi bila kufafanua. Wiki iliyofuata alitoka kwenda kununua waya, akamwachia mkewe kompyuta ikisafisha harusi ya mshona viatu. “Angalia ile namba ya pembeni,” alimwambia, akaenda zake. Sista akaangalia. Namba ilisoma sitini na moja. Katika maisha yake yote ya kazi, mtu akifika arobaini na moja unamwita daktari huku unakimbia. Sitini na moja! Akachomoa waya ukutani, akafungua dirisha, na mume wake aliporudi alimkuta anaipepea mashine kwa kifuniko cha sufuria.

“Sista, umefanya nini?”

“Nimeokoa maisha.”

Kazi ya saa nne ilikuwa imeyeyuka, na mshona viatu alikuwa anakuja jioni. Mwanaume mwingine angefoka mpaka majirani wakatoka nje. Yeye alitazama skrini iliyozimika, akatazama kile kifuniko cha sufuria, akakaa chini sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akamweleza kwamba kwa kiumbe huyu sitini ni sawa na mtu anayepanda ngazi na mzigo, na kwamba homa yenyewe inaanzia themanini.

“Basi ungesema,” Sista akamjibu, bado amenuna.

“Nimekosa. Lete zile karatasi zenu za hospitali, tumfungulie faili.”

Hivyo ndivyo kompyuta ilivyopata cheti cha mgonjwa. Sista alikuwa na fomu za zamani za kuchorea joto, zilizotupwa hospitali ilipobadilisha muundo. Jina la mgonjwa: Mkimbizaji. Wodi: chumba cha mbele. Ndugu wa karibu: wote wawili. Mchoro wa fomu ulikomea kwenye joto la binadamu, kwa hiyo Fundi Subiri aligundisha juu yake kipande cha karatasi ya hesabu kilichopanda mpaka tisini, na kila fomu ikawa ndefu kama soksi ya mchezaji.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya watu wawili, na Sista ndiye aliyeleta nidhamu. Fundi kwa upole wake wote alikuwa na tamaa ya mkono. Alitaka kubadilisha mambo matatu kwa mpigo. Mkewe akamkatalia. “Ukimpa mgonjwa dawa tatu siku moja akapona, utajua ni ipi iliyomponya? Na akifa?” Basi wakakubaliana: badiliko moja, hatua moja, kisha kupima. Kwanza mgonjwa aliogeshwa. Vumbi lote likatolewa kwa brashi ya rangi, feni ikaangaliwa kama inazunguka bila kukwaruza, na ile dawa nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupoozea ikafutwa na kupakwa upya, kiasi cha punje ya dengu, si kama siagi ya mkate. Kanda za watu zilinakiliwa kwenye diski nyingine na kuwekwa kabatini. Ndipo wakaandika joto la mgonjwa akiwa amepumzika, na joto lake akifanyishwa kazi kwa programu ya kumtesa, kabla hawajagusa chochote. “Usipojua ulikotoka,” alisema fundi, “utajuaje umefika wapi?”

Walipima Jumapili, saa nane mchana, saa ambayo hata mbwa hawabweki. Wengine hupima asubuhi kukiwa na ubaridi wakajisifu. Fundi Subiri aliwacheka. Mashine inayosimama imara bila kuganda saa nane mchana, alisema, itasimama saa zote. Walipandisha namba moja, wakaitesa mashine nusu saa, wakaandika. Ikiganda, walikuwa na njia mbili tu: kurudi hatua moja, au kuongeza umeme wa prosesa kidogo sana, sehemu ya mia ya volti. Lakini umeme ulikuwa na kikomo chake. Volti moja nukta tatu. Alikiandika kwa wino mwekundu na kupigia mistari miwili, kwa sababu mapigo yakizidi mashine inaganda tu na unaiwasha tena, ila umeme ukizidi unaunguza, na kilichoungua hakiambiwi pole kikapona.

Miezi minne walipanda namna hiyo. Ukimuuliza Sista leo ni wakati gani wa ndoa yake angependa kuurudia, hatakutajia harusi wala safari. Atakutajia zile Jumapili za saa nane, madirisha wazi, wao wawili wamekaa kwenye viti vya plastiki wakiitazama namba pembeni mwa skrini, hakuna anayesema kitu, na mume wake anamega mkate na kumpa kipande bila kumwangalia.

Walipofika arobaini na nne mashine ilisimama imara. Saa tatu za mateso, joto sabini na tisa, volti moja nukta tatu kamili. Mdogo wake fundi, ambaye ni fundi umeme na alikuwa amekuja kuangalia, alipiga kelele kama timu yake imefunga bao. Mafundi wa mtaa wa pili waliokuwa na prosesa kama hiyohiyo hawakuwahi kuvuka arobaini na mbili. Shemeji alilitangaza jambo hilo kila alikokwenda kuvuta nyaya, kwa watu ambao hawakuelewa hata neno moja. Kanda ya saa tatu ikawa inamalizika kabla ya chakula cha mchana.

Miaka ikapita. Fundi Subiri alifariki kwa mapafu, baada ya wiki tatu hospitalini, na sasa ni mwaka wa pili.

Sista aliendelea na kanda. Mikono yake ilikuwa inajua kazi, na kabati moja lilikuwa bado limejaa. Lakini ukurasa wa mipangilio hakuugusa hata siku moja. Hakuwa na sababu ya kuugusa. Kila asubuhi aliiwasha mashine, na feni ilipopandisha sauti aliona kwamba kuna kitu cha mume wake bado kinafanya kazi ndani ya nyumba. Nguo zake alikwisha kuzigawa. Viatu alichukua shemeji. Ile namba haikuwa na pa kugawiwa, na kwa sababu hiyo aliipenda kuliko viatu.

Kisha usiku mmoja umeme wa mtaa ukakatika, na asubuhi mashine haikuamka vizuri. Skrini nyeusi, maandishi meupe, ikimtaka abonyeze kitufe. Alipobonyeza aliona saa na tarehe. Mosi Januari, ya mwaka ule walionunua vipande vya kwanza. Sista alivuta kiti akakaa. Mwaka huo fundi alikuwa na miaka hamsini na mbili na meno yake yote.

Alijua kilichotokea, alikwisha kuelezwa. Kuna kibetri kidogo ndani, cha duara kama kifungo cha koti, ndicho kinachoitunzia mashine kumbukumbu ya saa na mipangilio yake. Kikifa, na umeme wa ukutani ukikatika, mashine inasahau kila ulichoifundisha. Aliufungua ukurasa wa mipangilio. Thelathini na nne.

Akalia, hapo hapo, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi. Hakulia hivyo hata siku ya mazishi, maana siku ya mazishi kulikuwa na wageni wa kuhudumia.

Shemeji alifika na kibetri kipya kabla hata chai haijachemka. “Usijali, shemeji,” alisema akivua kofia. “Namba tunaijua, volti tunaijua. Tunaziweka, dakika mbili tumemaliza.”

“Hatuziweki.”

“Kwa nini? Si ni zilezile?”

“Namba ni zilezile. Mgonjwa si yuleyule. Ameongeza umri.”

Shemeji alitaka kubisha, lakini alimjua mwanamke huyu. Sista aliwahi kumchoma sindano, yeye mtu mzima, mke wake akiangalia. Akaweka kibetri, akavaa kofia yake, akasema atarudi Jumapili.

Sista alianza upya tangu mwanzo. Aliiogesha mashine, akafuta dawa iliyokuwa imekauka kama matope ya kiangazi, akapaka nyingine, akaweka kanda za watu salama. Akalitoa faili kabatini, akaanza fomu mpya. Thelathini na sita ilipita bila hata kutoa jasho. Thelathini na nane. Arobaini. Shemeji alikuja kila Jumapili, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, akahesabu kwa sauti kama mtu anayesikiliza mpira redioni. Kwenye arobaini na mbili mashine iliganda mara moja, Sista akaongeza chembe ya umeme, ikatulia. Arobaini na tatu ilisimama imara saa tatu nzima, joto sabini na nane, volti moja nukta mbili nane. Alipoiandika aliona mkono wake mwenyewe ni mwepesi.

“Bado hatua moja!” shemeji akasema, amesimama. “Moja tu, shemeji. Jumapili ijayo tunaye.”

Alisema tunaye, kama kwamba kuna mtu anarudi kutoka safari. Sista alilisikia neno hilo na halikumchukiza. Wiki nzima alifanya kazi akilisikia.

Jumapili ikafika. Saa nane, jua limesimama utosini. Arobaini na nne, volti moja nukta tatu kamili, kama ilivyoandikwa na marehemu. Mashine ikaamka. Feni ikapanda sauti, ileile, na shemeji akafunga macho. Dakika tano. Dakika kumi. Joto likagonga themanini na moja, themanini na mbili. Dakika ya kumi na mbili picha ikakwama. Kishale hakikusogea. Imeganda.

Wakairudia. Dakika tisa. Wakaielekezea feni kubwa ya nyumbani. Dakika kumi na nne, ikaganda tena.

“Ongeza umeme,” shemeji akasema.

“Tuko kwenye kikomo.”

“Kidogo tu. Moja nukta tatu mbili. Itashika, mimi najua umeme.”

“Na joto?”

“Shemeji, ni ya kaka! Miaka yote hii imesimama arobaini na nne, leo sisi ndio tuishushe? Ongeza tu. Ongeza.”

Kidole cha Sista kilikuwa tayari juu ya kitufe. Alikuwa anataka. Tusimsingizie ustahimilivu asiokuwa nao: alitaka ile namba kuliko alivyotaka mashine ibaki nzima. Na neno hilo, ongeza, lililotoka kinywani mwa shemeji kwa sauti ya kubembeleza, ndilo lililomrudisha kwenye korido ya hospitali.

Pale koridoni ni yeye aliyelisema. Ongeza. Mume wake alikuwa amelala nyuma ya mlango, oksijeni inapiga kwa nguvu zake zote, na mapafu yaliyochoka hayapokei tena. Daktari alikuwa msichana aliyekuja pale zamani kujifunza, na Sista ndiye aliyemshika mkono akitafuta mshipa wa mgonjwa wake wa kwanza. “Ongeza,” Sista alimwambia. Daktari akasema, “Sista, tumefika mwisho. Tukisukuma zaidi tunampasua mapafu. Unajua mwenyewe.” Alijua. Miaka thelathini aliwaambia wake za watu maneno hayohayo, kwa sauti hiyohiyo ya chini. Lakini siku hiyo alimwita yule binti muuaji, mbele ya wauguzi, mbele ya mtu wa kufagia. Siku ya msiba binti alikuja kutoa pole, akanyoosha mkono, Sista akaupita kama mtu anayepita nguzo. Hawajasemezana tangu hapo.

Aliondoa kidole kwenye kitufe.

“Hapana,” alisema.

“Shemeji...”

“Ndugu yako alifanya kazi na mashine mpya. Mimi nina mashine iliyochoka. Nikiisukuma naipasua, na ikipasuka sina arobaini na nne, sina hata thelathini na nne. Kaa chini.”

Alirudi kwenye ukurasa, akaandika arobaini na tatu, akarudisha volti pale pale ilipokuwa imesimama Jumapili iliyopita. Mashine ikaamka. Safari hii hakuitesa kwa programu. Aliipa kanda halisi, ubatizo wa mapacha wa mwenye duka la vifaa, watoto ambao sasa wana ndevu. Shemeji alikaa, kofia magotini, akaitazama namba ya pembeni mpaka ikatulia kwenye sabini na saba. Mwishowe akauliza, taratibu sana, kama bado kuna mkate.

Sista alimkatia. Kisha akachukua simu, akaenda kusimama uani, pembeni ya kamba ya nguo. Namba ya hospitali aliikumbuka kwa kichwa. Aliomba wodi, wodi wakaenda kumtafuta yule daktari, na alisikia viatu vikija kwenye sakafu aliyoijua kila tofali lake.

“Halo?”

“Daktari, ni mimi. Sista.”

“Shikamoo, Sista.”

“Marahaba.” Alikuwa amepanga maneno, yote yakakimbia. “Siku ile nilikuambia uongeze.”

“Nakumbuka.”

“Ulifanya vizuri kukataa. Nilikutukana, na ulikuwa sahihi, na nilijua uko sahihi wakati nakutukana. Naomba unisamehe.”

Nyuma ya daktari mtu alikuwa anasukuma toroli lenye gurudumu linalolia.

“Sista,” daktari akasema, na sauti haikuwa ya daktari tena. “Tangu siku ile kila nikifunga zamu nafikiria labda ningeongeza. Labda ulikuwa unaona kitu ambacho mimi sikukiona. Wewe ndiye uliyenifundisha.”

Sista alishika kamba ya nguo. Miaka miwili alikuwa ameubeba uchungu wake akidhani ni wake peke yake, kumbe alikuwa amempa mtoto wa watu nusu yake, auchukue kazini kila siku.

“Hapakuwa na kitu,” alimwambia. “Nilikuwepo, niliangalia, na mimi hayo mambo nayajua. Hapakuwa na cha kuongeza, mwanangu.”